Maiki Iliyonyamaza: Uchambuzi wa Kisa cha Katuni Moja katika Banda la Video

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika banda umiza moja, yaani banda la kuoneshea mechi na filamu kwa kiingilio, kwenye mji wa pwani ya Tanzania. Majina ya wahusika, ya mtaa na ya mji nimeyaondoa, pamoja na mambo mengine madogo ambayo yangemtambulisha mtu. Mimi ni mwalimu wa sanaa za maonyesho. Niliitwa kusaidia kupanga ratiba, kwa hiyo baadhi ya maamuzi yaliyoharibika humu ni yangu mwenyewe.

Mwenye banda ni mama wa makamo ambaye watoto wote wa mtaa humwita Shangazi. Shida yake inajulikana kwa kila mwenye kazi hiyo. Jioni banda hujaa kwa mechi, usiku hujaa kwa filamu za mapigano, lakini Jumamosi asubuhi mabenchi hukaa matupu huku watoto wakizurura barabarani. Akaamua kuanzisha onyesho la watoto saa nne asubuhi: katuni fupi ya kufungulia, kisha filamu ndefu. Kiingilio shilingi 200, na mtoto anayekuja na mdogo wake aliyembeba, mdogo hahesabiwi.

Mtu wa tatu katika kisa hiki ni DJ. Kwa msomaji asiyeyajua mabanda yetu, niseme kwamba DJ hapa hachezeshi muziki. Ni mtafsiri. Hukaa pembeni na maiki, akaieleza filamu nzima kwa Kiswahili, akawapa wahusika majina na sauti, akatia methali, matusi madogomadogo na habari za mtaani. Ni sanaa kamili yenye mabingwa wake. Tanzania jina la Lufufu bado linatajwa kwa heshima, na Kenya DJ Afro amewafanya watu wengi wazipende filamu ambazo wasingeelewa hata neno moja. DJ wa Shangazi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa ulimi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha darasani. Watu huja kumsikiliza yeye kwanza, filamu baadaye. Hilo lishikwe, maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Katuni tuliyoichagua

Mimi ndiye niliyependekeza The Cat Concerto, mojawapo ya katuni za Tom na Jerry zilizotengenezwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM huko Marekani. Ilitoka mwaka 1947, na mwaka huohuo ikapata Oscar, tuzo ya nne mfululizo kwa paka na panya hao. Niliichagua kwa sababu haina mazungumzo hata kidogo. Nilijiambia kwamba mtoto wa kokote ataielewa. Nilikuwa sahihi nusu tu.

Hadithi yake ni nyepesi kusimulia. Tom ni mpiga piano mkubwa. Anaingia jukwaani amevaa suti nyeusi ya jioni, koti lenye mikia, anainama kupokea makofi, anakaa, anajiweka sawa kwa mbwembwe zote za mtu anayejua kwamba ukumbi mzima unamtazama. Anaanza kupiga Rapsodia ya Kihangaria namba 2, wimbo wa piano wa mtunzi Franz Liszt. Ndani ya piano, juu ya vile vinyundo vinavyogonga nyuzi, Jerry amelala usingizi. Tom akibonyeza, kinyundo kinainuka, na Jerry anarushwa kitandani mwake. Anaamka, anatoka, anakaa juu ya piano na kujifanya anaongoza okestra kwa mikono yake miwili midogo. Tom, bila kuacha kupiga, anamdonoa kwa kidole na kumtupa nje. Hapo vita vinaanza. Kuna mkasi, kuna mtego wa panya, kuna kifuniko cha piano kinachoangukia vidole, kuna wakati Jerry anasokomezwa ndani ya kiti. Yote hayo yanatokea huku muziki ukiendelea, kwa sababu watu wanatazama na Tom hawezi kusimama. Mwishoni Jerry anang'oa vinyundo viwili na kuumaliza wimbo yeye mwenyewe kutoka ndani, Tom akihangaika kumfuata. Kila Tom akidhani umekwisha na kujilegeza, muziki unaanza upya. Paka anaanguka hoi, na taa ya jukwaani inamhamia panya, aliyekwisha kuvaa suti yake ndogo, naye anainama kupokea makofi.

Jumamosi ya kwanza: DJ anatafsiri kama kawaida yake

Walikuja watoto kama arobaini. Nilikaa nyuma na daftari, nikawa naandika kila mahali walipocheka.

DJ alianza kwa moto. Tom alipoingia tu: "Oya, mcheki huyu paka! Kavaa suti kama bwana harusi, kumbe hata kodi ya nyumba hajalipa!" Banda likalipuka. Akaendelea na suti, na viatu, na deni la duka la mpemba, na watoto wakaendelea kucheka. Daftari langu limejaa alama za mwanzoni.

Kisha zikaanza kupungua. Kufikia kwenye mkasi, DJ alikuwa amempa Jerry sauti nyembamba ya kihuni: "Leo utanikoma, mimi ndo mjanja wa mtaa huu!" Maneno yalikuwa yanachekesha, nikiyasoma sasa kwenye daftari bado yanachekesha. Lakini watoto wa nyuma walishaanza kusukumana. Wawili walitoka kwenda kununua ubuyu.

Kilichonishtua kilitokea mwishoni. Muziki ulipofikia kilele cha kwanza cha uongo, DJ akafunga kwa sauti kubwa kama afungavyo filamu zake, na watoto wakainuka. Walidhani imekwisha. Yale marejeo ya mwisho, pale muziki unapoanza upya tena na tena, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kituko kikubwa kuliko vyote katika katuni ile, yalipita huku mabenchi yakiburutwa.

Wakati Shangazi anatafuta filamu ndefu kwenye flashi, msichana wa miaka kama minane alimfuata akamwambia, kwa hasira ya kweli: "Shangazi, huyu panya ana roho mbaya. Paka wa watu yuko kazini, kamkosea nini?"

Swali hilo lilinikaa wiki nzima. Jibu lipo kwenye picha: Jerry alikuwa amelala, akaamshwa kwa kugongwa. Lakini wakati huo DJ alikuwa bado yuko kwenye kodi ya nyumba. Watoto walikuwa wanamsikiliza yeye, wanamtazama Tom, na ile picha ya panya anayerushwa usingizini iliwapita.

Jumamosi ya pili: tunaizima maiki kabisa

Uamuzi huu ulikuwa wangu na niliufanya haraka mno. Nilimwambia DJ kwamba wiki hii tuiache katuni iseme yenyewe, yeye asubiri filamu ndefu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa Mwalimu. Ila hawa wamelipa kunisikia mimi." Nikaona ni wivu wa fundi. Haukuwa wivu, alikuwa ananipa taarifa niliyoihitaji.

Niliwaomba wote wasiwaambie watoto lolote. Tom akaingia, akainama, akakaa. Mwanzo wa katuni ile ni wa polepole kwa makusudi. Wimbo wenyewe wa Liszt una sehemu mbili: ya kwanza nzito, yenye majivuno, inayotembea kama mtu mwenye kanzu mpya, ya pili ni ya mbio, na inazidi kuongeza kasi hadi mwisho. Walioitengeneza katuni waliufuata mpangilio huo. Mtu anayejua maana ya onyesho la piano huona majivuno ya Tom na kuanza kutabasamu, maana anajua kuna kitu kinakuja. Watoto wetu hawakuona majivuno. Waliona paka amekaa mbele ya sanduku jeusi. "DJ yuko wapi?" mmoja akapiga kelele, na wengine wakadakia.

Tatizo la pili lilikuwa sauti, na sikuwa nimelifikiria kabisa. Spika za banda zimepangwa kwa ajili ya milipuko na muziki wa kucheza, besi juu hadi mwisho. Piano ilitoka kama mtu anayepiga debe kwenye chumba cha jirani. Noti nyembamba, zile ambazo Jerry hutembea nazo, hazikusikika.

Hata hivyo kuna jambo lilitokea ambalo Jumamosi ya kwanza halikutokea. Ilipofika kwenye mkasi, banda lilinyamaza. Sio kimya cha kuchoka. Watoto walikuwa wameshika pumzi. Na mkasi ulipofunga na kukosa, walicheka wote kwa pamoja, kicheko kimoja kama kimekatwa kwa shoka, kisha wakanyamaza tena wakisubiri mwingine. Niliandika kwenye daftari: "Hapa hakuna aliyemtafuta DJ."

Kikao kati ya Jumamosi mbili

Tulikaa watatu bandani siku ya Jumanne, mchana, tukairudia katuni mara nne. Nilitaka DJ aone kile kimya cha mkasi. Akaomba nirudishe pale peke yake, tena na tena, na mara ya tatu akaanza kugonga benchi kwa vidole kufuata piano.

Nitaeleza tukio lile kwa ukaribu, maana ndilo lililotufungulia mlango. Mkono wa Tom unakwenda na kurudi kwenye piano. Kila baada ya hatua chache za wimbo, kidole chake kinanyooka kugusa kibonyezo cha mbali upande wa kulia. Pale ndipo Jerry anapomngoja na mkasi umefunguliwa. Kidole kinakuja, mkasi unafunga, kidole kimeshaondoka. Kinakuja tena, umefunga tena, kimeondoka tena. Tom hajui. Macho yake yamefumbwa nusu, pua juu, amezama kwenye sanaa yake. Jerry anazidi kukasirika. Baada ya kukosa mara kadhaa anaachana na mkasi, anaondoa vibonyezo na kuweka mtego wa panya mahali pake. Na hapo vidole vinaupita mtego huku na huku, kushoto na kulia kwake, kana kwamba vimelindwa, hadi kimoja kinapoingia.

DJ akasema: "Mwalimu, nimeelewa. Hapa mwenye kusema ni kidole."

Kisha akatoa mawazo matatu, yote yake. Kwanza, aongee kabla ya katuni, si juu yake. Pili, wakati katuni inakwenda anyamaze, ila pale mwishoni kwenye marejeo aruhusiwe neno moja tu. Tatu, Shangazi apunguze besi na watoto wadogo watolewe kwenye mabenchi wakae kwenye mkeka mbele, waone uso wa Tom. Mimi sikuongeza kitu. Nilimuuliza tu neno lenyewe ni lipi, akacheka akakataa kusema.

Jumamosi ya tatu

Alisimama mbele ya watoto bila maiki. Akawaambia wafikirie harusi kubwa, kuna kundi la taarabu, na mpiga kinanda ameletwa kutoka mbali. Amevaa, amejipulizia uturi, watu wote kimya. Akatembea kama mtu huyo, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavuta mikono ya shati. "Sasa yeye hajui," akashusha sauti, "ndani ya kinanda kuna mtu amelala." Akarudi kwenye kona yake na Shangazi akabonyeza.

Tom alipoingia, walicheka. Hakuna kilichokuwa kimetokea bado. Paka anatembea tu. Walikuwa wamepata kile ambacho Jumamosi ya pili hawakuwa nacho: walijua yule ni mtu mwenye heshima yake, na walijua heshima ile itapatwa na kitu.

Jerry aliporushwa kutoka usingizini, yule msichana wa wiki ya kwanza alikuwa kwenye mkeka amempakata mdogo wake. Akamwonyesha kwa kidole: "Unaona? Alikuwa amelala."

Mkasi ulikwenda kama Jumamosi ya pili, ila na sauti safi. Kisha mwisho. Muziki ukafika kileleni, Tom akajilegeza, na DJ, kwa sauti ya chini kabisa, akasema kwenye maiki: "Bado."

Piano ikaanza tena. Sijawahi kusikia watoto wakicheka vile. Na ilipofika mara iliyofuata, Tom alipoanza tu kulegea, kabla DJ hajafungua mdomo, banda zima lilipiga kelele: "Badoo!"

Matokeo

Kwa Shangazi, matokeo yanayohesabika ni kwamba watoto waliendelea kuja na onyesho la asubuhi likabaki kwenye ratiba. Waliomba katuni ileile irudiwe, jambo ambalo kwa filamu ndefu hutokea mara chache. "Bado" ikawa neno la mtaani kwa muda. Nilisikia watoto wakiambizana kisimani kila ndoo ilipokaribia kujaa.

Kwa DJ, mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia. Filamu za mapigano anazitafsiri kama zamani, na anapaswa. Kwenye katuni fupi sasa huja na karatasi. Huitazama nyumbani kwanza na kuandika mahali ambapo hatakiwi kusema.

Kwa nini ilifanya kazi

Nianze na jambo ambalo nilikuwa nikilifundisha miaka mingi bila kulielewa vizuri. Tunapenda kusema kwamba katuni za aina hii zinachekesha kwa sababu ya vipigo. Daftari langu la Jumamosi tatu linasema vingine. Alama nyingi hazikuwa kwenye kipigo. Zilikuwa nusu sekunde kabla yake, au pale kipigo kilipokosa. Mtoto anauona mtego, anauona mkono unakuja, Tom hauoni. Kicheko kinajengwa ndani ya pengo hilo, na pengo hilo limepimwa. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, na katika ushirikiano wao Hanna ndiye aliyekuwa mshika muda: Barbera alichora hadithi na vituko, Hanna akaamua kila tendo lichukue picha ngapi. Mtunzi wao wa muziki, Scott Bradley, aliandika muziki ulioshonwa juu ya matendo, hatua kwa hatua. Katika The Cat Concerto kazi ilikwenda upande wa pili pia, kwa kuwa wimbo ulikuwepo karne moja kabla ya paka. Matendo yalibidi yaingie kwenye wimbo. Kwa hiyo hakuna nafasi tupu pale. Kinachoonekana kama kimya kina kazi. DJ alipokijaza kwa maneno, hata maneno mazuri, aliwanyang'anya watoto ule muda wa kumaliza kituko wenyewe vichwani mwao.

Jambo la pili ni heshima. Nimeona watu wakiandika kwamba Tom na Jerry ni hadithi ya mdogo kumshinda mkubwa, basi. Katuni nyingi za hao wawili ziko hivyo, lakini hii imeongeza kitu: Tom yuko mbele za watu. Angekuwa jikoni angemfukuza panya na kuvunja vyombo. Hapa hawezi kusimama, hawezi kupiga kelele, hawezi hata kukunja uso. Kidole kimebanwa na bado lazima noti inayofuata itoke. Mtu yeyote aliyewahi kusoma risala huku nyuki akimzunguka, au kuswalisha huku mtoto akimvuta kanzu, anajua hali hiyo. Pwani kwetu, ambako kuaibika mbele za watu ni adhabu kubwa kuliko faini, hili linaeleweka haraka kuliko muziki wa Liszt. DJ alilijua bila kufundishwa; ndiyo maana utangulizi wake haukueleza piano ni nini. Ulieleza harusi.

La tatu ni mpangilio wa makosa, nani alianza. Katika vita vya wanyama hawa, watazamaji hukubali karibu kila ukatili mradi wameona sababu. Jerry aligongwa usingizini, kisha akatupwa kwa kidole. Baada ya hapo mkasi unaruhusiwa. Ukikosa zile sekunde chache, panya yuleyule anakuwa muhuni anayemwonea mfanyakazi. Yule msichana hakuielewa katuni vibaya. Aliihukumu kwa haki kulingana na alichooneshwa.

Nilimfikiria sana Sungura hapa. Watoto wetu wanakua na hadithi za Sungura mjanja na Fisi mlafi, na kwa kawaida ningesema Jerry ni Sungura aliyezaliwa Marekani. Kuna tofauti moja inayoeleza Jumamosi ya kwanza. Sungura hushinda kwa ulimi. Humdanganya Fisi, humwahidi, humsifu, na utamu wa hadithi uko kwenye maneno yake, kwa sababu hadithi ile ni ya kusimuliwa. Jerry katika katuni hii hana ulimi. Hushinda kwa mwili na kwa muda. DJ alimpa ulimi wa Sungura bila kumpa hila za Sungura, na kilichobaki ni majigambo. Hata mjanja akijigamba sana, watu huanza kumwonea huruma Fisi.

Kuna mfano wa kulinganisha ambao ulinisaidia kutokwenda mbali mno upande wa pili. Mwaka 1946 studio ya Warner Bros. ilitoa Rhapsody Rabbit, iliyoongozwa na Friz Freleng: sungura Bugs Bunny anapiga piano, wimbo uleule wa Liszt, naye pia anasumbuliwa na panya. Kufanana kulikuwa kukubwa kiasi kwamba studio hizo mbili zilishutumiana kuibiana wazo. Mimi napenda ya paka zaidi, lakini ya sungura inafundisha jambo: Bugs anaongea. Simu inalia katikati ya onyesho, muziki unasimama, anajibu kwa maneno machache, anarudi kwenye kazi. Maneno yamepewa chumba chake. Kwa hiyo kosa letu la kwanza halikuwa kwamba mtu aliongea juu ya katuni. Ni kwamba maneno yalikaa mahali pa muziki bila muziki kuyapisha. "Bado" moja, iliyowekwa kwenye kile kipande ambacho muziki wenyewe ulikuwa umepumua, ilikaa kama imeandikwa na mtunzi.

Na kulikuwa na ukumbi. Katuni hizi hazikutengenezwa kwa simu wala kwa sebule. Zilioneshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu waliokuja kutazama kitu kingine, wakubwa na wadogo wamechanganyika, wageni kwa wageni. Zilibidi ziwashike watu hao kwa dakika saba na kuwaunganisha. Nina hakika ndiyo sababu zilikaa vizuri bandani kuliko nilivyoziona zikikaa popote. Mtoto mmoja akiitazama kwenye simu hutabasamu. Arobaini kwenye mkeka na mabenchi hupeana kicheko, na kicheko cha mmoja humfundisha mwenzake pa kutazama. Kwa kweli banda la Shangazi, lenye bati linalopiga kelele kwa joto, liko karibu na nyumba ya asili ya katuni ile kuliko televisheni nzuri ya mtu.

Yaliyoharibika, na yaliyobaki

Jumamosi ya pili ilikuwa kosa la mtu aliyeipenda kazi hadi akawasahau waliokuja kuitazama. Nilidhani kwa kuwa haina maneno basi haihitaji mlango wa kuingilia. Kila onyesho lina mambo ambayo mtazamaji wake wa kwanza aliyajua kabla hajakaa. Mtazamaji wa 1947 alijua mpiga piano wa namna ile anavyojisikia. Kazi ya DJ ilikuwa kuwapa watoto ujuzi huo, na mimi nilimfungia nje. Pia ningemsikiliza alipoongea juu ya kiingilio. Watoto walikuwa wamemlipia yeye, na kumwondoa bila kuwaeleza lilikuwa jambo la kukosa adabu kwao na kwake.

Watoto wa chini ya miaka minne hatukuwapata hata Jumamosi ya tatu. Marejeo ya mwisho yaliwatisha wawili wakalia, nadhani kwa kelele zilizowazunguka.

Kisha kuna mkasi. Siku chache baada ya onyesho la tatu mama mmoja alikuja kwa Shangazi, mtoto wake wa miaka sita amemshika mkono. Alikuwa amemkuta na mkasi wa cherehani, anamwambia mdogo wake aweke kidole na kuondoa, aweke na kuondoa. Hakuna aliyeumia. Mama hakuja kugomba. Aliuliza tu tulichokuwa tunawaonyesha. Tulimwekea katuni yote, akaitazama akiwa amesimama, na pale kwenye mkasi naye akacheka, kisha akajifunika mdomo kwa kanga. "Inachekesha," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Sikuwa na jibu zuri na sikujaribu kulitunga. Nguvu ya tukio lile ni kwamba kila mtu anaona jinsi linavyofanyika na anatamani kulijaribu. DJ alipendekeza, na tukakubali, kwamba kabla ya katuni kuanza awaite watoto wakubwa mbele wacheze mkasi kwa mikono mitupu, vidole viwili kufunga, kidole kimoja kupita, kwa mdundo wa wimbo anaougonga yeye kwenye benchi. Ukawa mchezo. Wanaucheza hata nje ya banda, nami nimeuona ukichezwa shuleni kwangu na watoto ambao hawajawahi kuiona katuni. Yule mama bado humleta mwanawe kila Jumamosi, na mkasi wake wa cherehani sasa unaning'inia kwenye msumari juu ya mlango.